Kuchangia kontena au kuchukua zima? Bei ya CBM haikuambii yote

Fungua WhatsApp ya mtu yeyote anayeagiza mzigo China kwa ajili ya duka la Kariakoo. Tangazo hukosi. "Guangzhou–Dar, siku 35 hadi 45, bei kwa CBM, ushuru ndani, lipia mzigo ukifika." Chini kuna namba ya simu na picha ya kontena lililojaa katoni mpaka mlangoni.

Kwa miaka mingi tangazo hilo ndilo lililowafungulia watu wadogo mlango wa biashara ya nje. Kama una milioni tano au kumi, huwezi kujaza kontena. Unanunua katoni zako 30, unazipeleka ghala la wakala kule Guangzhou, zinapangwa pamoja na za watu wengine 40 msiojuana, na baada ya mwezi na kitu unapigiwa simu ukachukue mzigo Dar. Huko ndiko kuchangia kontena.

Swali ambalo watu wengi wanajiuliza wakianza kukua ni moja: ni lini niache kuchangia nichukue kontena langu? Na jibu wanalopewa mara nyingi ni la hesabu tu. Hesabu ipo, tutaifanya hapa chini. Ila kuna jambo jingine linalouma zaidi siku hizi, nalo ni makaratasi: mzigo wako umeingia nchini kwa jina la nani?

Kwanza hesabu

CBM moja ni mita moja ya ujazo. Katoni yenye urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 40 ina CBM 0.12. Ukiwa na katoni kama hizo 50, una CBM 6.

Kontena la futi 20 lina nafasi ya karibu CBM 33 ndani, lakini katoni hazipangiki kama matofali, kwa hiyo kihalisia unaingiza 26 hadi 28. La futi 40 la kawaida lina kama 67, na lile refu kwa kimo lina kama 76.

Sasa chukua namba rahisi za mfano (sio bei ya soko, usije ukamwonyesha wakala wako hizi). Tuseme kwenye kuchangia, nauli ni dola 140 kwa CBM, gharama za Dar ni dola 80 kwa CBM, na kuna dola 150 za makaratasi ambazo kila mtu analipa. Kontena zima la futi 20 nauli yake ni dola 2,600, na gharama za bandari na za kampuni ya meli ni dola 900. Kodi tuiweke pembeni kwa sasa.

Kwa CBM 6, kuchangia kutakugharimu dola 1,470. Kontena zima ni 3,500. Hapo hakuna mjadala. Kwa CBM 15, kuchangia kumefika dola 3,450, yaani umebakiza dola 50 tu kulingana na kontena zima. Kwa CBM 20 unalipa 4,550, zaidi ya dola elfu moja juu ya mtu aliyechukua kontena lake na kulisafirisha likiwa na nafasi tupu nyuma.

Ndiyo maana wazoefu wengi watakuambia ukifika CBM 13 hadi 15 anza kuulizia kontena la futi 20. Watu wengi hawaulizi kwa sababu wanaona aibu kusafirisha kontena ambalo halijajaa. Kontena halijui kama limejaa. Kampuni ya meli nayo inalipwa bei ileile.

Uzito nao una mambo yake. Kwenye kuchangia, unatozwa kwa CBM au kwa tani, ile iliyo kubwa. Mito na vinyago vya manyoya vinalipia nafasi. Vigae vinalipia uzito: CBM moja ya vigae inaweza kufika tani mbili, hivyo unatozwa kama una CBM mbili. Wale wanaotoa vigae Foshan hawachangii kabisa, wanachukua futi 20 na kontena linafikia uzito wa mwisho likiwa bado halijafika hata nusu kwa ujazo. Na kosa moja la kawaida: mtu anadhani futi 40 inabeba uzito mara mbili ya futi 20. Haibebi. Inabeba karibu sawa, tani 26 hadi 28 hivi. Futi 40 ni kwa ajili ya sofa, nguo, vyombo vya plastiki. Kwa bidhaa nzito utalipia hewa.

Bei inayoyumba

Hesabu hiyo ingekuwa rahisi kama nauli ya meli ingetulia. Miaka hii imekuwa kama bei ya nyanya.

Septemba 2021, katikati ya vurugu za Uviko-19, kipimo cha nauli cha kampuni ya Drewry kilivuka dola 10,000 kwa kontena la futi 40, wastani wa njia kubwa za dunia. Baadaye ikashuka sana. Kisha tarehe 19 Novemba 2023 wapiganaji wa Houthi wa Yemen wakaiteka meli ya Galaxy Leader kwenye Bahari ya Shamu, mashambulizi yakaendelea, na kampuni kubwa za meli zikaacha Mfereji wa Suez na kuzunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Julai 2024 kipimo kilekile kilikuwa karibu dola 5,900.

Hapa kuna kitu ambacho mawakala wengi walikitumia vibaya. Meli kutoka China kuja Dar au Mombasa haipiti Bahari ya Shamu. Inapita mlango wa Malacca inavuka Bahari ya Hindi. Sasa kwa nini bei ya Guangzhou–Dar nayo ilipanda?

Sababu ya kweli ipo. Meli ya kutoka Asia kwenda Ulaya ikiongezewa siku 10 hadi 14 njiani, inahitajika meli nyingine kuziba pengo lake, na makontena matupu yanachelewa kurudi China. Meli na makontena yakipungua duniani, kila njia inapandishiwa bei, hata ile ambayo haijasikia mlio wa kombora. Lakini ukiambiwa na wakala kwamba mzigo wako kutoka Guangzhou umechelewa "kwa sababu ya Houthi", muulize meli yako inaitwa nani. Jina la meli unalitafuta kwenye simu yako na unaona imefika wapi. Waliokuwa na haki ya kulalamikia Houthi moja kwa moja ni wanaotoa nguo Istanbul, kwa sababu njia yao fupi ya kuja huku ni Suez.

Nauli ikipanda, ule mstari wa CBM 15 nao unasogea. Rudi kwenye mfano wetu. Kontena likipanda kwa dola 2,000, linakuwa 5,500. Wakala anayejaza CBM 25 kwenye kontena hilo, akigawanya ongezeko kwa haki, anakuongezea dola 80 kwa CBM. Sasa mnalingana kwenye CBM karibu 18, siyo 15. Yaani wakati nauli iko juu, kuchangia kunakufaa hata ukiwa na mzigo mkubwa kidogo. Nauli ikishuka, kontena zima linakuja karibu yako. Tatizo ni kwamba wakala ni mwepesi wa kupandisha bei ya CBM na mzito wa kuishusha. Hilo sio kosa la jinai, ni biashara. Lakini kama unalipa bei ya mwaka jana wakati kontena limeshashuka, unapigwa na hujui.

"Ushuru ndani" maana yake nini?

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa usiiruke.

Forodha haitozi kodi kwa CBM. Inatoza kwa thamani: bei uliyonunulia, ukijumlisha bima na nauli, kisha aina ya bidhaa ndiyo inaamua asilimia. Kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu Julai 2022 viwango vikuu vya ushuru ni 0, 10, 25 na 35 kwa mia. Juu yake kuna VAT, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18, na tozo nyingine.

Sasa wakala anapokuambia dola fulani kwa CBM "ushuru ndani", na bei hiyo ni ileile kwa aliyeleta mabegi, aliyeleta vioo vya simu na aliyeleta ndoo za plastiki, jiulize: kodi ya kila mmoja imehesabiwaje? CBM moja ya vioo vya simu inaweza kuwa na thamani mara nyingi ya CBM moja ya ndoo. Haiwezekani wote wadaiwe kodi sawa.

Kinachotokea ni mojawapo ya mawili. Ama wakala amekadiria wastani, mwenye ndoo anamlipia kodi mwenye vioo bila kujua. Au kontena zima limetangazwa forodhani kwa jina moja na maelezo ya jumla yanayoshusha kodi, na hapo mko kwenye maji marefu wote, hata wewe ambaye hukuandika chochote. Kwa vyovyote vile, karatasi inayoonyesha kwamba wewe, kwa TIN yako, umelipa kodi ya mzigo huu, haipo.

Zamani watu waliona hilo ni jambo dogo. Mzigo umefika, mambo mengine yatajulikana. Siku hizi si dogo tena.

Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa ikabidi aende Mnazi Mmoja kuzungumza na wafanyabiashara. Juni 2024 yakafungwa tena na mgomo ukasambaa hadi mikoa mingine. Malalamiko yalikuwa mengi: kikosi kazi cha kodi, usajili wa stoo, kamatakamata ya risiti. Ukiyachambua, sehemu kubwa inarudi kwenye swali moja ambalo afisa wa kodi anamuuliza mwenye duka: mzigo huu umeutoa wapi, karatasi zake ziko wapi? Aliyeagiza kontena lake anatoa faili. Aliyenunua kwa muagizaji wa ndani anatoa risiti ya EFD. Aliyechangia kontena kwa bei ya "ushuru ndani" anatoa meseji za WhatsApp.

Nairobi wameyapitia. Mwaka 2018 na 2019 wafanyabiashara wadogo, wakiwemo wa Nyamakima, waliingia barabarani kwa sababu mizigo yao ya kuchangia ilikuwa imekwama kwenye ukaguzi. Wengi wao hawakuwa wamekosea chochote wao wenyewe. Walikuwa kontena moja na mtu aliyekosea.

Na kama umesajiliwa VAT (kiwango cha mauzo cha kusajiliwa kilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka) hasara yako ni ya moja kwa moja. Ile asilimia 18 iliyolipwa bandarini ungeweza kuitoa kwenye VAT unayodaiwa ukiuza. Bila nyaraka ya forodha yenye jina lako, huitoi. Kwa hiyo CBM ya bei rahisi inaweza kuwa ghali kuliko zote, ila unalijua hilo mwisho wa mwezi ukijaza ritani.

Jirani yako ndani ya kontena

Dada yangu ana duka la vitu vya watoto Sinza. Mwaka juzi alichangia kontena, CBM 4, vigari vya watoto na mabeseni ya kuogea. Mzigo ulifika bandarini kwa wakati. Kisha kimya. Kila akipiga simu jibu lilikuwa lilelile: "Dada, usiwe na presha, mzigo upo."

Baada ya wiki ya pili ndipo akaambiwa ukweli. Ndani ya kontena kulikuwa na katoni za mtu mwingine zenye vipodozi visivyoruhusiwa, na ukaguzi umezuia kontena zima. Ilichukua karibu wiki tano kabla ya kuona vigari vyake. Gharama za kukaa bandarini na demareji ya kampuni ya meli ziligawanywa kwa wote walio na mzigo humo, kwa CBM. Dada yangu alilipa faini ya vipodozi ambavyo hata kupaka hakupaka.

Akataka kulalamika. Kwa nani? Hati ya shehena, ile ambayo watu wa bandari wanaiita BL, ilikuwa na jina la wakala. Kwa kampuni ya meli, dada yangu hayupo. Kwa forodha, hayupo. Alichokuwa nacho ni risiti ya mkono yenye mhuri na neno "goods".

Ukiwa na kontena lako, ukaguzi bado unaweza kukukamata, na demareji ikianza ni yako peke yako, hakuna wa kugawana naye. Hiyo nayo ni hatari ya kweli. Mtu mwenye CBM 15 anayechukua kontena kwa mara ya kwanza, halafu hana hela ya kodi tayari meli inapofika, anaweza kumalizika. Siku za bure zikiisha, kontena linaanza kula hela kila kunapokucha, Jumapili na sikukuu zimo. Ila angalau unajua kilichomo ndani ulikipakia wewe.

Kuchangia na marafiki

Njia ya kati inayokua sana sasa hivi ni hii: watu watatu au wanne wanaofahamiana, mnakusanya CBM 25, mnachukua futi 20 yenu. Nauli inashuka, jirani unamjua, na hakuna wa kuleta vipodozi vya ajabu.

Mtego wake ni uleule wa jina. BL ikitoka kwa jina la mmoja wenu, mzigo wote kisheria ni wake. Yeye ndiye anayetangaza forodhani, TIN yake ndiyo inayobeba thamani ya wote, na mwisho wa mwaka mauzo yake hayalingani na alichoagiza. Wengine mmebaki palepale, bila karatasi. Na mkigombana, mwenye jina ndiye mwenye kontena.

Dawa ipo na si ngeni. Msafirishaji anayefanya kazi kwa utaratibu anaweza kutoa BL ndogo kwa kila mwenye mzigo chini ya BL kuu ya kontena. Kontena likifika, mzigo unatenganishwa, na kila mmoja anatangaza forodhani mzigo wake kwa TIN yake, kwa ankara yake, kwa kiwango cha bidhaa yake. Mwenye ndoo analipa kodi ya ndoo. Huo ndio mzigo wa kuchangia unavyotakiwa kuwa hata kwa watu 40 msiojuana. Tanzania kazi ya kukusanya na kutenganisha mizigo ya namna hiyo iko chini ya usimamizi wa TASAC na inahitaji leseni, kwa hiyo kumuuliza wakala leseni yake sio ukorofi.

Atakuambia hiyo ni gharama zaidi. Ni kweli. Makaratasi 40 ni kazi kuliko karatasi moja. Hapo ndipo unapopima: tofauti ya bei ni kiasi gani, na biashara yako imefika mahali ambapo mtu anaweza kuja dukani kuuliza?

Binafsi naona hivi. Kama ni safari yako ya kwanza na una CBM moja au mbili za kujaribu soko, changia, na ikibidi umeze gharama ya kujifunza, lakini usiweke humo hela ya ada ya mtoto. Kuanzia CBM tano hivi, usilipe CBM ya mtu asiyeweza kukupa BL yenye jina lako. Ukifika 13, omba bei ya kontena zima kila mara, hata kama utaishia kuchangia, ili ujue unalipishwa nini. Na kama msimu ni ule wa kukimbizana kabla viwanda vya China havijafunga kwa mwaka wao mpya, maghala ya wakusanya mizigo yanajaa na CBM zako zinaweza kubaki chini kontena likaondoka bila wewe. Kontena lako mwenyewe haliwezi kukuacha, ingawa nafasi kwenye meli nayo inagombewa.

Kitu kingine kidogo: muuzaji wa China akikupa bei ya kuchangia iliyo rahisi mno mpaka Dar, tuseme dola 20 kwa CBM, usishangilie. Mara nyingi nauli hiyo imefidiwa upande wa huku, na wakala wa Dar atakutoza gharama za kupokea mzigo ambazo hakuna aliyekutajia. Omba bei ya pande zote mbili kwa maandishi kabla katoni hazijaondoka kiwandani. Zikishaondoka huna nguvu ya kujadili.

Dada yangu ameagiza tena mwezi uliopita, CBM 9. Wakala wa zamani alimwambia BL ya jina lake haiwezekani, "sisi hatufanyi hivyo, dada, tunaaminiana tu." Amehamia kwa mwingine, dola 40 zaidi kwa kila CBM, kodi analipa mwenyewe kwa control number. Kwa CBM 9 hiyo ni dola 360 za ziada, na mama alimsema sana kwa hilo. Meli imeondoka Nansha siku 12 zilizopita. Jina lake tunalo, na kila jioni anaifungua simu kuangalia imefika wapi. Jana ilikuwa imeshapita Singapore.